Leso juu ya mashine ya mkate

Jumanne usiku, Junda, Kisauni

Kumbe si hamira. Wiki nzima nimeilaumu hamira, nikabadilisha unga, nikapunguza maji, na mkate bado unatoka umebonyea katikati na kulowa juu. Nilishaanza kuogopa kwamba mashine aliyoninunulia mume wangu Salim imeharibika, na nitamwambiaje.

Leo nimerudi mapema kazini. Nikaikuta inafanya kazi huku imefunikwa leso mbili za kujitanda, matundu ya mvuke yote yamezibwa. Mavyaa, mamake Salim, amekaa kando yake na tasbihi.

"Mama, hii haifunikwi. Mvuke hauna pa kutokea."

"Unga ukitiwa hamira hauachwi wazi, mwanangu. Utapigwa na baridi."

Baridi, kwa joto la Kisauni hii. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, lakini leso hakuzigusa. Nilizitoa mwenyewe, taratibu, kama namfunua mtoto aliyelala.

Mkate umeinuka wallahi, mpaka umegusa kifuniko. Mavyaa kala vipande vitatu na chai. Tumeafikiana mashine isifunikwe tena.

Nimepita jikoni sasa hivi kuzima taa. Haikufunikwa, kweli. Ameitandikia leso chini.