Kadi ya Visanduku Sita

Dar es Salaam, 10 Februari 1972

Baba yangu,

Shikamoo, na mama pia shikamoo. Mimi mzima, ila mafua kidogo ya vumbi la pamba. Hali zenu huko Bagamoyo?

Kiwanda chetu cha nguo kimepatana na daktari wa meno hapa mjini. Kila mwezi tunakatwa kidogo kwenye mshahara, kiwanda nacho kinaongeza, basi mfanyakazi na wazazi wake wanatibiwa meno bila kutoa hela. Kadi yenu ndiyo hii. Kila mkija, kisanduku kimoja kinagongwa muhuri. Njooni kila baada ya miezi sita, hata kama hamna kinachouma. Wewe mpiga zumari, baba, meno ndiyo kazi yako. Na siku yangu ya kuolewa ikifika, sitaki anipigie mtu mwingine.

Mwanao,
Sihaba

Bagamoyo, 2 Machi 1972

Mwanangu Sihaba,

Marahaba. Mama yako anasema mafua hayo ni ya kulala dirisha wazi. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Kadi nimeipata, nimeifunga kwenye leso na kuiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba. Ahsante sana. Lakini wewe nawe! Mtu mzima nipande basi mpaka Dar kumwonyesha daktari meno yasiyouma? Ufizi tu unatoka damu harusi ikirefuka, nikisukutua maji ya chumvi unatulia. Kadi tunaiweka kwa siku ya shida.

Baba yako,
Msabaha

Dar es Salaam, 19 Novemba 1972

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote.

Miezi tisa sasa na hujaja. Nimemweleza daktari habari ya damu, akasema usingoje maumivu, ufizi unaoza kimyakimya. Nakuomba, baba. Nitakupokea mwenyewe stendi.

Mwanao,
Sihaba

Bagamoyo, 8 Julai 1973

Mwanangu Sihaba,

Salamu nyingi. Nimefika salama, uvimbe umeshuka, nakunywa uji.

Pale kwenye benchi la daktari ulikuwa unalia, nami mdomo umejaa pamba, sikuweza kukueleza. Nakueleza sasa. Sikukupuuza. Nilihesabu visanduku, sita tu. Nikasema tukivimaliza kwa kuangaliwa, mama yako akija kuumwa kweli tutakwenda na nini? Nikavitunza. Daktari kaniambia ningekuja mwaka jana, angeyasafisha tu, basi. Sasa meno matatu ya mbele hayapo. Jana nimejaribu zumari. Pumzi yote inatoka pembeni.

Baba yako,
Msabaha

Dar es Salaam, 22 Julai 1973

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana, baba.

Nimesoma barua yako mara tatu na nimelia tena. Visanduku vikijaa, wanatoa kadi nyingine! Kila mtu kiwandani anajua, ndiyo maana sikukwambia. Kosa ni langu. Daktari anasema meno ya bandia yatakufaa kwa kula, lakini kwa zumari hakuahidi.

Alawi, kijana wa hapa kiwandani, ameleta posa. Kwao wanataka harusi iwe Januari. Nimewaambia wasubiri kwanza baba yangu apone.

Mwanao,
Sihaba

Bagamoyo, 16 Desemba 1973

Mwanangu Sihaba,

Marahaba, mama. Sisi wazima kabisa, na safari hii sikudanganyi.

Waambie Januari ni hiyo hiyo, hakuna cha kusubiri. Zumari atapiga Kitwana, yule kijana ninayemfundisha, nimempa ile yangu. Anapiga vizuri, lakini pumzi anaikata mapema, kwa hiyo nitakaa ubavuni mwake nimfinye. Yaliniuma, mwanangu, sikufichi. Siku ile ya kumkabidhi nilikwenda kukaa pwani peke yangu mpaka alasiri.

Meno ya bandia nimezoea. Nacheka nayo, tena kwa sauti.

Juzi nimempeleka mama yako. Njia nzima ananigombeza, ati hana kinachomuuma, nampotezea siku. Daktari akamkuta na tundu dogo kwenye gego, akaliziba palepale. Anatafuna bisi tangu jana, kusudi nimsikie.

Pamoja na zile safari zangu za kusafishwa yaliyobaki, visanduku vyote sita vimegongwa. Kadi nitakuja nayo harusini. Uniandalie nyingine.

Baba yako,
Msabaha