Kichwa nilichokisuka gerezani

Jumatatu, Novemba. Ixelles.

Tangu alfajiri inanyesha mvua nyembamba, ile ya Brussels isiyo na sauti, ambayo hujui imeanza lini mpaka uwaone wanawake wa barabara ya Chaussée de Wavre wamefunika nywele zao kwa mifuko ya plastiki. Nimekaa dirishani na kahawa. Magoti yananiuma, lakini moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Nimekataa kuandika barua.

Au niseme sawasawa: nimekataa kuandika barua niliyoagizwa. Nitaandika nyingine. Naeleza hapa kwa utaratibu, maana kwa siku mbili mambo haya yamekuwa yakigongana kichwani kama vyombo kwenye karai.

Sisi ni akina mama kumi na mmoja wa kanisa moja la Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, wengi wetu kutoka Kivu, wawili kutoka Bujumbura. Mara mbili kwa mwezi tunapanda basi kutoka stesheni ya Gare du Nord mpaka gereza lililo pembezoni mwa jiji, upande wa wanawake, kuwasuka wafungwa. Hatuhubiri. Tunasuka. Vichana ni vya plastiki tu, mkasi hauruhusiwi, na nywele za bandia hukaguliwa mlangoni kifurushi kwa kifurushi. Tunapewa chumba kimoja, viti na saa mbili.

Tuna sheria moja, tuliyotoka nayo kwetu: aliyesuka kichwa ndiye atakayekifumua. Kazi ya mwenzako huigusi. Kichwa ulichokianza ni chako mpaka siku ya kukifumua, wiki sita baadaye, hata kama mwenyewe amekuudhi, hata kama unaumwa. Nadhani ndiyo maana wanawake wa mle ndani wanatuamini. Wengi wamezoea kuahidiwa na watu wasiorudi. Sisi tunarudi, kwa sababu vichwa vyetu viko kule.

Wiki sita zilizopita alikaa kwenye kiti changu mfungwa mgeni. Mrefu, mabega mapana, sauti nzito kidogo. Nilidhani ni sigara. Sigara zimezitafuna sauti za wengi mle. Nilimsuka mistari ya kurudi nyuma, myembamba, kazi ya saa nzima na zaidi. Tuliongea Kiswahili. Alizaliwa Bukavu, akaletwa huku akiwa na miaka minne, na alitaka nimweleze ziwa likoje asubuhi. Nilimweleza. Akafumba macho.

Jina lake sikuuliza. Nilimwita mwanangu, kama ninavyomwita kila mtu aliye chini ya miaka hamsini. Hilo ndilo kosa la wazee wa kwetu: tunamfanya kila mtu mtoto wetu, na jina lake hatulijui.

Wiki iliyopita Maman Bernadette, mwenyekiti wetu, alisikia kwa askari mmoja wa gereza kwamba yule mfungwa alizaliwa na mwili wa kiume. Amebadili jinsia, karatasi zake zinasema mwanamke, na kabla ya kuletwa pale alikuwa gereza la wanaume. Jumamosi tukaitwa ukumbini, nyuma ya kanisa. Chai ilipoa hakuna aliyeigusa. Wengine walisema tusiende tena mpaka aondolewe. Mmoja alisema mbele ya wote kwamba mikono yangu ingehitaji kuombewa, wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Nilijidharau nilipofika nyumbani.

Maman Bernadette hakucheka. Ni mwanamke ninayemjua kwa miaka ishirini na mitano. Ndiye aliyemwosha mume wangu alipofariki, wakati mimi nilishindwa kusimama. Aliniangalia akasema:

"Banaume batatufuata mpaka wapi, Mwalimu? Mpaka mu prison? Weye ndio unajua kuandika. Andika kwa directeur ya prison amutoe, bon, sisi wote tutasaini."

Barua zetu ndivyo zilivyo. Naandika mimi, katibu na mtunza mhuri, nasoma kwa sauti wote wakiwa wamesimama, na haitoki mpaka sahihi zote kumi na moja ziwemo. Ikikosekana moja, inachanwa.

Nikasema nitaandika. Hilo nalikiri. Nilisema ndiyo.

Na sikusema ndiyo kwa woga tu. Kuna Zawadi. Zawadi ni mfungwa kutoka Uvira, kichwa chake pia ni changu. Yaliyompata mikononi mwa wanaume wakati wa vita sitayaandika, si yangu. Safari iliyopita aliniambia kwamba tangu mgeni yule aletwe, yeye analala na viatu miguuni.

"Hakunifanya kitu, maman," alisema. "Ananisalimia hata. Lakini nikisikia ile sauti kwa koridoo, mwili inaamka mbele yangu."

Mwili wake unaamka kabla yake. Nani atamwambia Zawadi kwamba mwili wake una ubaguzi? Si mimi.

Lakini yule mgeni naye alisema jambo siku nilipomsuka, nikiwa namaliza mstari wa mwisho, na mimi sikulielewa siku ile. Alisema kwamba alikotoka alifungiwa peke yake siku nzima, akitolewa saa moja tu, kwa usalama wake, kwa sababu mara ya kwanza walipomwacha na wengine alipelekwa hospitali. Nilidhani anazungumzia gereza lingine la wanawake. Nikamwambia pole mwanangu, inamisha kichwa.

Nimekuwa nikisoma mjadala huu kwenye magazeti ya hapa na ya nchi jirani, kwa lenzi yangu ya kukuzia maandishi. Wengine wanasema kitambulisho kitoshe. Wengine wanasema mwili ndio uamue, basi. Wengine wanataka kwanza lipimwe kosa lililomleta mtu gerezani. Wote wanaandika vizuri. Wachache sana wanaandika kama watu waliowahi kulala chumba kimoja na wasiowachagua.

Mimi nimewahi. Hili sijaliandika kokote, hata katika blogu hii, na watoto wangu wanajua nusu tu.

Wakati wa vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kando ya ziwa. Walinikamata kwa sababu ya mashine ya shule ya kunakilia mitihani. Walisema imechapa karatasi za waasi. Waliniweka kasho, yaani mahabusu, chumba kimoja kwa wote, wanaume kama thelathini na wanawake sita. Tulitundika vitenge viwili kwenye kamba, pembeni. Nyuma ya vitenge vile ndiyo ilikuwa jela ya wanawake. Ukuta wetu ulikuwa na maua ya njano.

Siku ya nne mwanaume mmoja alipita kwenye vitenge akisema anaumwa, anaomba maji. Tulimpisha. Nabintu, aliyekuwa mdogo kuliko sisi sote, ndiye aliyekuwa amelala karibu na chungu cha maji. Baada ya hapo Nabintu hakusema neno tena kwa siku zote nilizokuwa pale, na mimi nikaanza kukaa penye ncha ya kamba, nikiishika mkononi.

Kisha alasiri moja askari wakaleta mtu waliyemkamata sokoni. Kijana mwembamba, hereni masikioni, nywele zimesukwa mistari, mmoja haujamaliziwa. Walikuwa wakicheka. "Huyu mumuweke popote," walisema. Akasimama katikati ya chumba. Wanaume wakaanza kupiga miluzi. Akaangalia vitenge.

Wenzangu wakanigeukia. Nilikuwa mwalimu, walizoea nijibu.

Nabintu alikuwa amenishika mguu.

Nikasema, "Huku nafasi hakuna."

Nafasi ilikuwepo. Tungeweza kulaza watu wawili zaidi.

Siku ya tatu baada ya hapo walimtoa amelala juu ya mlango uliong'olewa. Sikuona uso. Niliona ule mstari ambao haukumaliziwa.

Miaka yote hii nimejiuliza kama nilikosea, na nimejijibu kila namna. Nilikuwa nalinda watu watano. Kitenge hakina kufuli. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kutudanganya, na aliyelipa si mimi. Leo bado naamini sikukosea kuishika ile kamba. Ningeishika tena.

Nilichokosea ni kwamba sikuuliza. Sikumuuliza Nabintu nini kingemwezesha kulala: pengine angetosheka tukimhamisha yeye katikati yetu na mgeni tukamweka mwisho, upande wangu. Sikumuuliza yule kijana chochote, hata jina. Niliamua kwa sekunde tatu juu ya watu wawili waliokuwa wakiniangalia, kisha nikaita hiyo busara.

Na Jumamosi, ukumbini, mbele ya chai iliyopoa, nilifanya vilevile. Uamuzi wa sekunde tatu. Swali lilelile limenitafuta mpaka Ubelgiji, nami nikalijibu vilevile, safari hii kwa Kifaransa kizuri na mhuri wa kundi.

Hapana.

Asubuhi hii nimempigia simu Maman Bernadette. Nimemwambia nitakachoandika. Kwamba Zawadi apewe mlango unaofungwa kutoka ndani, mbali na koridoo ile, na mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake, na kwamba hofu yake isiitwe ujinga. Kwamba yule mwingine asirudishwe kule alikotolewa akivuja damu, wala asifungiwe peke yake ili sisi tupate amani. Kwamba wakubwa wa gereza wamtazame kila mtu alivyo, amefanya nini, amemuumiza nani. Na kama kuna aliyewaumiza wanawake, asiwekwe kati yao, karatasi zake ziseme zisemavyo. Na kwamba kabla ya sisi kumi na moja kusema lolote, wanawake wa mle ndani waulizwe.

Nilisikia maji ya bomba kwake, alikuwa anaosha sombe, yaani kisamvu.

"Mwalimu, nilikuomba barua," akasema. "Sikukuomba mtihani."

"Najua."

"Hiyo mi sisaini."

"Basi itatoka na jina langu peke yake, na mhuri nitakurudishia Jumapili."

Kundi hili ndilo ukoo wangu hapa. Wengine nilionao wako makaburini, au Kanada. Nikiupoteza ukatibu sitakufa, ila nikiingia ukumbini na kukuta kiti changu kimewekewa mkoba wa mtu, hilo nitaliona kila Jumapili mpaka mwisho. Nimeshalipima, na bado nitaandika.

Akaniuliza, "Na kesho? Utaenda kufumua kichwa ya nani?"

"Changu. Wiki sita zimetimia."

Maman Bernadette ndiye aliyetufundisha kuitii ile sheria. Siku za mwanzo, mmoja wetu alipokataa kumfumua mfungwa aliyemtukana, ni yeye aliyemrudisha kwa mkono mpaka mbele ya kiti. Nilimsikia akifunga bomba.

"Alors, pita kwangu mbele ya basi," akasema. "Uchukue chanuo yangu. Ile yako inaumiza bantu."

Akakata simu.

Sijui maana ya chanuo hilo. Si sahihi, hilo najua. Alisema hasaini, na namfahamu, hatasaini. Pengine kesho akinifungulia mlango atakuwa na mengine ya kuniambia, na baadhi yatakuwa ya kweli. Naye ana binti aliyefuatwa na mwanaume mpaka ngazini, hapahapa Ixelles, mchana kweupe. Simlaumu kwa kushika kamba yake.

Rasimu ya barua iko mezani. Nimeiandika kwa kalamu kwanza, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu, nafasi pana kati ya mistari kwa ajili ya masahihisho. Nimeacha nafasi pana kuliko kawaida, kwa sababu sehemu kubwa itaandikwa kesho, kwa maneno yao. Nitaanza na Zawadi. Nitamuuliza nini kingemfanya avue viatu akilala. Akisema jambo moja tu, kwamba yule aondoke, nitaliandika hivyohivyo alivyolisema, kama lilivyo, bila kulilainisha. Nimeshaapa hilo, maana ni rahisi kuwauliza watu kisha ukawasikia unavyotaka wewe.

Halafu nitaketi nyuma ya kiti cha pili na kuanza kufumua kuanzia shingoni, taratibu, kwa chanuo lisiloumiza.

Lakini sitagusa unywele hata mmoja kabla ya kwenda mbele ya kiti, magoti yangu haya yakubali yasikubali, nikamtazama usoni na kumuuliza anaitwa nani.