Mtumbwi Haukaushwi Kama Tumbaku

Majengo,
S.L.P. 412,
Songea.
Jumapili, 9 Oktoba 1994

Mpendwa mwanangu Edmund,

Marahaba kwa shikamoo zako zote mbili, ile ya mwanzo wa barua na ile uliyoirudia mwishoni kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. Hujambo? Careen hajambo? Na Suzana wetu, jino la pili limeshatoka au bado anawatesa usiku?

Sisi huku tu wazima, Mungu ametujalia. Joto la mwezi huu limetukalia kichwani na vumbi la Majengo linaingia hadi kwenye chungu cha maharage, lakini tunakula na tunalala. Mguu wangu wa kushoto umepona. Nimerudi kwenye meza yangu ya samaki wakavu sokoni, na leo asubuhi nimekwenda misa kwa miguu, kwenda na kurudi, bila kushika ukuta wa mtu.

Baba yako naye hajambo. Alikuja juzi kutoka Mshangano na baiskeli yake, akaniletea viazi vitamu, akakaa hadi jioni akilalamikia bei ya mbolea. Habari zako tumezizungumza. Yeye anasema uuze mtumbwi uende Dar es Salaam. Kaka yangu nampenda, lakini kwa mambo ya ziwa usimsikilize. Tulipokuwa watoto huko Lituhi uliko sasa, yeye alikuwa shuleni Peramiho, na akija likizo alikuwa anakaa katikati ya mtumbwi, ameshika kingo zote mbili, anasali rozari. Ndiyo maana babu yako Bartolomeo alinichukua mimi, mtoto wa kike, nimpigie kafi. Nilivua naye miaka sita, mpaka nilipoolewa huku.

Sasa barua yako. Mussa, dereva wa lori la samaki, alinikabidhi Ijumaa. Nimeisoma mara mbili. Unasema mtumbwi wa babu umepasuka, mbasa hawagusi ndoana yako, vijana wa ufukweni wanakuita Bwana Tumbaku, na mwisho wa mwezi huu yule mfugaji Daimu atakuja kuununua mtumbwi akaufanye hori la kunyweshea ng'ombe. Halafu ukaandika, "Shangazi, nimeshindwa, naona aibu hata kupita ufukweni." Hapo nililia, sikufichi. Tangu ulipopunguzwa kazi kule Namtumbo sijakusikia ukisema umeshindwa.

Nilipofuta machozi, Mussa akanieleza alichokiona kwa macho yake.

"Wallahi mama, mtumbwi umelazwa juu ya kichanja, tumbo wazi, jua linaupiga," akasema. "Bado kuufunga mafungu tu, upelekwe mnadani."

Mwanangu, nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nisamehe. Nilielewa palepale ulichofanya. Miaka tisa umekaa kwenye ghala la tumbaku, na huko kitu chenye unyevu ni kitu kilichooza. Ukaona mtumbwi wa babu umekaa majini, umeota ukijani, ukauhurumia. Ukaupandisha, ukausugua, ukaukausha vizuri kabisa kama jani la daraja la kwanza. Hakuna mtu mwingine kando ya ziwa lote anayeweza kufanya kosa hilo. Ni mtu wa Namtumbo tu, tena mwenye bidii.

Mti wa mtumbwi hautaki kukauka. Ulichongwa ukiwa mbichi na tangu siku hiyo umekuwa ukinywa maji. Ukiunyima, unasinyaa, na ukisinyaa unapasuka. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma barua, mwite Careen mshuke naye mkautoe kwenye kichanja. Usiutupe majini papo hapo. Uweke kivulini siku mbili, uufunike kwa majani na magunia uliyoyalowesha, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Ukisha kulainika, usukume mpaka maji ya kiunoni, ujaze mawe ya mviringo yasiyo na ncha, uuzamishe. Ndiyo, uuzamishe. Watu watacheka tena, waache wacheke. Uuache chini siku nne au tano. Mti utakunywa, utavimba, na ufa utajifunga wenyewe kadiri utakavyoweza.

Umeandika kwamba kidole kinaingia kwenye ufa. Hukusema kidole cha nani. Kama ni chako, hilo ni jambo la kuangalia vizuri. Kama ni cha Careen, hakuna neno.

Nakuomba sana usiukimbilie na lami sasa hivi wakati mti ni mkavu. Ukijaza lami leo, kesho mti ukivimba utaisukuma nje na ufa utaendelea mbele. Ngoja uutoe majini kwanza. Sehemu itakayobaki wazi utaijaza nyuzi za gunia zilizochovywa kwenye lami ya moto, uzishindilie kwa patasi butu, kisha juu upige kipande cha bati kwa misumari mifupi. Mifupi, Edmund. Msumari ukitokeza upande wa pili umejitobolea mtumbwi mwenyewe. Lami nimekuwekea kwenye kopo, Mussa anayo.

Baada ya hapo, ukirudi kutoka kuvua, uuache kwenye maji mafupi chini ya mti, au ukiupandisha ufunike kwa majani. Na ule ukijani usiuchukie. Uuparue kwa kifuu mara moja kwa mwezi, inatosha.

Nakuja kwa mbasa. Hawa nawaheshimu. Perege utamvua hata ukiwa umesinzia, lakini mbasa ni samaki wa mbio, anafukuza vidagaa vya usipa juu ya maji, na pua yake ni kali kuliko ya mama mkwe. Nina swali moja: mishipi yako unaiweka wapi? Mussa ananiambia iko kwenye ule mfuko wako wa ghalani, uliorudi nao kutoka Namtumbo. Basi jibu ndilo hilo. Mfuko ule hata mimi ulipopita hapa niliunusa kutoka mlangoni. Mbasa anakuja, ananusa moshi wa bani la kukaushia tumbaku, anageuka.

Choma mfuko huo. Mishipi ioshe kwa maji ya ziwa na majani ya muhogo yaliyopondwa, uianike kivulini. Mikono yako isugue kwa mchanga mpaka ngozi ilie, kisha ipake usipa mbichi. Na kiko chako kibaki nyumbani. Kama huwezi kukaa saa nne bila kuvuta, tafuna muwa.

Nakutumia mishipi mipya ya nailoni na ndoana dazeni mbili. Siku hizi maduka ya Majengo yamejaa, unachagua namba unayotaka mpaka unachanganyikiwa. Wakati wetu ndoana zilikuja kwa mgawo, na babu yako akipoteza moja alikuwa anazama kuifuata. Lakini wingi usikufanye mzembe. Kila jioni pitisha mshipi kwenye ukucha, pima kwa pima. Unapokwaruza, kata na ufunge upya. Ndoana zifute, uzipake mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, uzichomeke kwenye kipande cha kandambili. Zisipochoma ukucha wako, zinoe kwenye jiwe.

Toka alfajiri, maji yakiwa yametulia. Pigeni kafi polepole, mshipi ukifuata nyuma urefu wa hatua arobaini, mwishoni kipande cha bati ling'aalo kilichokatwa kama usipa, na usipa mwenyewe kwenye ndoana. Bati la kopo la maziwa ndilo zuri. Angalia ndege. Wanapoinama kwa wingi, usipa wako hapo, na mbasa wako chini yao. Zunguka pembeni, usipite katikati ya kundi.

Akishika, usisimame. Narudia, maana nakujua: usisimame. Mtumbwi ule ni mwembamba na wewe ni mrefu. Na kamwe usizungushe mshipi mkononi. Lile kovu la babu kwenye kifundo cha mkono lilitokana na mbasa mmoja tu. Akivuta, mpe. Akichoka, mrudishe kidogo kidogo. Kopo la kuchotea maji lifunge kwa kamba, la sivyo litakukimbia siku unayolihitaji. Na ukitazama ng'ambo ukaona milima imepotea, geuza, hata kama samaki wanaruka mapajani mwako. Upepo hauko mbali.

Mvua zikianza mbasa watakusanyika mdomoni mwa Ruhuhu wapande mto kutaga. Vua kwa mshipi, lakini usije ukashawishiwa kuziba mdomo wa mto kwa nyavu. Wenye mayai waache wapite. Babu yako alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo.

Nani akupigie kafi? Careen. Nimemwona akipura maharage, mikono ile inazidi yako. Watakuambia mwanamke akikanyaga mtumbwi samaki wanakimbia. Waambie shangazi yako aliukanyaga miaka sita, na waliokimbia walikuwa ni wenye wivu tu.

Sasa nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa hajui.

Unakikumbuka kile kiraka cha bati mbele ya mtumbwi, upande wa kulia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaleta wenzako wakiguse. Ndipo kiboko alipouma, ulikuwa unawaambia, na babu akapigana naye kwa kafi. Ukoo wote tunaijua hadithi hiyo. Baba yako aliisimulia hata kwenye harusi yangu.

Edmund, hapakuwa na kiboko. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tunamngojea askofu kwa ajili ya kipaimara, na babu alikuwa amesafiri. Nikasema mtumbwi wetu usiwe mchafu kuliko ya wengine. Nikautoa majini, nikausugua kwa sabuni na majivu, nikauanika juani siku tatu ili ung'ae. Siku ya tatu mchana nilisikia mlio. Nikakimbia, nikakuta ufa kutoka mdomoni mpaka karibu na kiti cha mbele. Nilijificha kwenye shamba la muhogo mpaka babu yako aliporudi.

Alikuja akanitoa. Hakunipiga. Alizunguka mtumbwi mara mbili, akaweka kidole kwenye ufa. Majirani wakaanza kusogea, wakamwuliza kuna nini. Babu yako, mtu ambaye sikumsikia akisema uongo kabla ya siku hiyo wala baada yake, akawajibu, "Kiboko." Basi. Wakataka kujua kiboko gani, mkubwa kiasi gani. Ikabidi aongeze, na kila mwaka akaongeza kidogo, hadithi ikawa kama unavyoijua. Siku tano baadaye tuliutoa majini, tukapiga bati, akanipa kafi, tukaenda kuvua.

Nilitaka kuyachukua haya hadi kaburini. Lakini nilipofika pale uliposema umeshindwa, nikaona babu yako asingenisamehe.

Kwa hiyo usimwuzie Daimu. Sikuamrishi, mtumbwi ni wako, babu alikuachia wewe. Nakuomba unipe mvua hizi tu. Zikiisha na bado unataka Dar es Salaam, nitakufungia chakula cha njiani kwa mikono yangu na sitasema neno. Na usihangaike kuniandikia barua ndefu ya kujieleza. Mpe Mussa mbasa mmoja aliyebanikwa, hata awe mdogo. Nikimwona, nitajua mtumbwi uko majini.

Mpe Careen salamu zangu nyingi na kitambaa cha maua nilichokiweka chini ya ndoana. Kingine chekundu ni cha Suzana. Nisalimie mama Aurelia jirani yenu, mwambie dawa yake ya mguu ilinisaidia. Baba yako anakusalimu, na Lidwina wa kwaya anauliza lini utakuja kuimba besi tena. Mungu awalinde mkiwa nchi kavu na mkiwa majini, na mikono yenu iwe na nguvu ya kurudi nyumbani kila siku.

Na wakikuuliza tena ufukweni ufa ule umetoka wapi, usiiname. Baba yako nimekwisha kumpa lile lile jibu la babu. Mussa nilimwambia Ijumaa ile ile, hapo mezani. Yeye, aliyeuona mtumbwi kichanjani kwa macho yake, akavaa kofia yake. "Kiboko, mama?" akasema. "Basi ni kiboko. Tena nilimwona."

Wako akupendaye daima,
Shangazi yako,
Honorata