Mshenga kutoka Jakobsberg

Rågsved, Stockholm
Mei 2010

Dada Feza,

Habari iliyo mpya kuliko zote naitanguliza, salamu zitafuata. Leo asubuhi, kabla hatujaondoka kwenda kazini, mwanao Amani amesema mbele yangu na mbele ya mke wangu Furaha kwamba hatafunga ndoa mpaka apate neno kutoka kwako. Anayetaka kufunga naye ndoa ni mwanamume, Mswidi, jina lake Erik. Sheria ya hapa inaruhusu tangu mwaka jana. Hayo ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza. Ameniomba niyaandike mimi kwa sababu amejaribu kukwambia kwa simu, na kila mara umemuuliza kama anakula vizuri, naye akajibu kwamba anakula.

Kama umesimama, kaa. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilisaidia, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa mguu mmoja? Na chumba cha nyuma, mvua bado inaingia? Sisi huku ni wazima. Furaha alikohoa majira yote ya baridi, sasa amepona. Binti yangu Neema anamaliza shule mwezi ujao. Tunamsemesha Kiswahili, anatujibu Kiswidi, na mazungumzo yanaendelea hivyo hivyo. Mimi nachambua barua posta, na Jumapili jioni nasoma habari katika redio yetu ndogo ya jumuiya. Wasikilizaji ni Wakongo, Warundi, Watanzania, na Wakenya wanaopiga simu kunisahihisha.

Siku ya Krismasi uliniuliza ni filamu gani hizo ambazo watu wa kanisa wamekwambia Amani anazifuata, zile walizoziita filamu za wanaume. Nilikuahidi kuchunguza. Nimechunguza. Nakueleza nilichokiona, na mahali nisipoelewa nitasema sielewi. Mahali hapo ni pengi.

Kwanza, si filamu chafu. Nilikwenda nikiwa tayari kutoka nje, sikuona sababu ya kutoka. Ni vichekesho vya mapenzi vya aina unayoijua: mtu anampenda mtu, anaona haya, anaharibu mambo, mwishowe wanapatana. Tofauti ni kwamba wapendanao ni wanaume, na kwamba sehemu kubwa ya hadithi si mapenzi bali ni marafiki wa hao wapendanao. Jumba dogo la sinema mjini kati huzionyesha mara moja kwa mwezi. Nilimwomba Amani anipeleke. Alisema nije, ila nisiulize maswali filamu ikiendelea. Ananijua.

Safu yetu ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa pembeni, kisha Selemani, kisha Amani. Selemani ni Mtanzania wa Tabora, fundi wa lifti, anakaa Jakobsberg. Umri wake ni kama miaka arobaini, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha redio yangu. Erik, kijana mrefu mwenye miwani, alikaa mwisho wa safu, mbali kabisa. Yeye na Amani walikuwa wamebishana njiani juu ya mwavuli uliosahauliwa kwenye treni, na hawakutazamana tena. Amani alimwegemea Selemani begani na kula bisi kutoka mfuko wake. Nikaona yaliyo mbele yangu, nikafikia uamuzi: kama maneno ya watu wa kanisa ni kweli, mtu mwenyewe ni Selemani.

Filamu yenyewe ni ya wanaume wanne wanaoishi nyumba moja. Mmoja ni mwokaji mikate, anampenda mleta barua wa mtaa. Marafiki zake watatu wanaamua kumsaidia, na kila msaada unamzidishia aibu. Mleta barua huyo alikuwa akirusha vifurushi ovyo, jambo ambalo nadhani mimi peke yangu niliudhika nalo. Wawili kati ya marafiki hao walilala kitanda kimoja, mmoja akamkata mwenziwe kucha za miguu, wakalia pamoja. Nikajua hao ni wapenzi. Wawili wengine, mwokaji huyo na mwenzake mmoja, walikuwa wakigombana tangu mwanzo juu ya nani aoshe ngazi. Watu ukumbini walikuwa wakicheka kila ugomvi, mimi nikiuliza moyoni kichekesho kiko wapi. Selemani akaniinamia.

"Mzee, wale wa kitandani ni marafiki tu tangu shule. Wapenzi ni hawa wanaogombania ndoo. Bado wao wenyewe hawajajua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mleta barua alioa mtu mwingine, na mwokaji akaishia na yule wa ndoo. Nimefanya kazi ya habari miaka mingi, nimesoma nyuso za mawaziri na za waasi, na hapo nilikosea kila kitu. Wewe na mimi tumeona wanaume wazima wakishikana mikono kutoka mtaani kwetu Kadutu, Bukavu, mpaka sokoni, wakizungumzia bei ya maharage, hakuna aliyegeuka kutazama. Huku wanaume wakishikana mikono wamesema jambo moja tu. Macho niliyokuja nayo hayakunisaidia.

Baadaye niliona filamu nyingine mbili za aina hiyo. Nilichogundua ni kwamba wazazi hawamo. Hakuna baba, hakuna shangazi. Rafiki mmoja ndiye anayekaripia kama mjomba, mwingine anapika supu mtu akiachwa, mwingine anatumwa kwenda kusema maneno ambayo mwenye shida hawezi kuyasema. Nikamuuliza Amani mbona hatuonyeshwi wazazi wao.

"Sehemu hiyo kila mmoja wetu anaijua, mjomba," akasema. "Haina haja ya kuchezwa."

Siku ile ya kwanza, baada ya filamu, tulikaa mgahawani, na Erik akaniuliza kwetu posa hupelekwa vipi. Nikamweleza kama ambavyo ningemweleza mgeni yeyote. Mtu hajipeleki mwenyewe, anatuma mshenga. Mshenga hataji jina. Anasema ameona kitu chema katika nyumba hii na amekuja kukiulizia. Wenye nyumba wanamtoa binti na kumuuliza, ni huyu? Mshenga huja na kitenge cha mama. Kitenge kikipokelewa, mazungumzo yamefunguliwa na hayawezi kufungwa isipokuwa mama mwenyewe akikirudisha. Na kama baba hayupo, anayesikiliza kwanza ni mjomba. Erik aliuliza maswali mazuri. Nilirudi nyumbani nikimwambia Furaha kwamba nimekutana na kijana wa Kiswidi anayejali mila za watu.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, Selemani akabisha hodi. Alivaa suti na kofia iliyopigwa pasi, na mkononi alikuwa na kifurushi. Aliuliza hali ya kila mtu wa nyumba hii, ya walio Bukavu, ya kuku wa jirani zetu kama wangekuwepo. Kisha akasema: "Mzee, mimi nimetumwa. Nyumba yako ina kitu chema, kimeonekana, na aliyekiona hana usingizi." Akanyoosha kifurushi. "Hiki ni cha mama."

Dada, fuata jinsi nilivyofikiri, maana nilifikiri kwa utaratibu. Selemani nilikuwa nimemshuku juu ya Amani. Sasa Selemani yuko hapa na posa, na katika nyumba hii binti ni mmoja. Basi shuku zangu hazikuwa na msingi, maneno ya watu wa kanisa ni uzushi, na kuna kijana mahali fulani anayemtaka Neema. Nikakipokea kitenge kwa mikono miwili. Furaha alikifungua papo hapo na kujipima kiunoni, kisha akaenda kubadili kilemba na kuongeza samaki jikoni, ambako Amani alikuwa akiosha sahani.

Tukamwita Neema. Alitoka chumbani na suruali ya kulalia, akauliza kwa Kiswidi kuna nini.

"Ni huyu?" nikamuuliza Selemani.

"Binti mzuri, Mungu amtunze. Siye."

"Humu hamna mwingine."

"Yupo, Mzee. Namsikia anaosha sahani."

Maji jikoni yakanyamaza. Neema alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikaa chini palepale kwenye korido, akaziba mdomo kwa mikono. Amani akaja mlangoni, mikono inachuruzika. Furaha alikuwa ameshika sinia ya samaki. Aliirudisha jikoni, tukakaa bila samaki, kisha akaileta tena na kuiweka mbele ya Selemani kwa sababu mgeni hawezi kuondoka na njaa.

Niliuliza nilichoweza kuuliza. Nani amekutuma? Erik. Erik wa mwavuli? Huyo huyo. Tangu lini? Mwaka wa pili huu. Anajua anachokiomba? Selemani akaweka mwiba pembeni ya sahani.

"Anajua, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha. Alitaka kuja mwenyewe na maua. Tukamwambia hapana, wenzako wana njia yao. Basi sisi marafiki tukachagua nani atumwe, nikachaguliwa mimi kwa sababu ya Kiswahili."

"Na wewe, Selemani," nikasema, "nani atakwenda kwa niaba yako?"

"Mimi Tabora hawajapokea simu yangu siku nyingi, Mzee. Tuzungumze ya huyu kwanza."

Nilipomsindikiza mpaka kituoni nilimwambia kwamba sina jibu. Akasema hakutumwa kuchukua jibu siku hiyo. Niliporudi, Furaha alikuwa amekikunja kitenge na kukiweka mezani, maana sasa ilieleweka ni cha mama yupi. Nilitegemea hasira. Alisema tu: "Ameombwa kwa adabu kuliko nilivyoombwa mimi." Ni kweli. Mimi nilimwoa katika kambi ya wakimbizi, na mshenga wangu alikuwa amelewa. Tangu siku hiyo Furaha anasali muda mrefu kuliko kawaida, na hajaniambia anaomba nini.

Utauliza mimi nasemaje. Sijui, Dada. Najua mchungaji wetu atasema nini, na naelewa kwa nini. Najua kwamba pale Kadutu wewe ndiye utakayebeba maneno ya watu, si mimi niliye mbali. Najua pia kwamba Amani ameishi humu tangu alipotoka kambini, mtu wa salamu na kazi, na sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti mpaka katika ukumbi ule. Nikiyaweka pamoja hayatoi jumla. Nilimwambia anaweza kwenda ofisini na Erik, wakatia saini, wakarudi, hakuna anayemzuia. Akajibu kwamba mama yake Erik, anayekaa Hässelby, amekwisha kuuliza upande wa Amani watakuja wangapi, na yeye hawezi kumwambia kwamba upande wake ni viti vitupu. Si lazima uje, alisema. Anataka tu kusema, mama anajua, na amesema hivi. Hivi gani, hakuniambia nikuandikie. Nilimuuliza kama ukikataa atafanyaje, akasema atasubiri kwanza alisikie neno hilo kwa sauti yako.

Kitenge kimo ndani ya mzigo huu, chini ya dawa ya goti. Anayekuletea ni Mama Deborah wa kwaya yetu. Anajua amebeba dawa na kitambaa, hajui zaidi, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Sheria niliitamka mwenyewe mgahawani, siwezi sasa kuigeuza: kitenge ni chako, na wewe peke yako ndiye mwenye haki ya kukikata na kukishona au kukirudisha. Usiulize watu kabla hujajiuliza mwenyewe.

Nisalimie kaka yetu mkubwa Mapendo, umwambie betri za redio nitazituma. Msalimie mama mkwe wako, na shangazi Nabintu anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mwambie huku tunakula samaki wakubwa wasio na ladha. Msalimie mwalimu wa kwaya, na mtoto wa jirani aliyekuwa akikuchotea maji, kama bado hajaoa. Neema anakusalimu kwa Kiswahili, nilimsimamia akiandika: Shikamoo shangazi. Amani hakutaka kuongeza salamu zake kwenye karatasi hii. Alisema salamu zake ndizo barua yote.

Selemani atarudi kuchukua jibu Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa tisa alasiri. Majira haya saa za Bukavu na za hapa ni sawa. Wakati huo nitakupigia simu, na nitaiweka mezani sauti ikiwa wazi, Amani akiwa amekaa mbele yake. Tafadhali uwe peke yako, na simu iwe imejaa chaji.

Mdogo wako,
Bahati