Hatua Arobaini Kutoka kwa Mfereji

Isiolo, Jumanne. Jua linachoma kama lina kesi na mimi, na upepo unatujaza vumbi mdomoni. Nimeamka na kichwa ngumu. Leo sitaki kushauriwa.

Shajara, unanijua. Nimekuwa utingo wa lori mpaka Juba, nimelala Moyale, nimekula samaki Mombasa kwa mikono yote miwili. Shule niliacha darasa la saba, lakini ramani ya dunia ninayo kwa miguu. Sasa eti mtu aniambie mamangu hakuwahi kuwa na hoteli ya chai hapa mtaani Kula Mawe?

Mtu mwenyewe ni Baba Mwenda, mwenye duka, mwenyekiti wa kamati ya soko. Kesho asubuhi wanamwaga chokaa chini kuchora mipaka ya vibanda vipya. Aliyekuwa hapo kabla ya ule moto wa utoto wangu atarudishiwa mahali pake, bora tu aonyeshe alama. Moto ulikula safu nzima. Alama gani?

Kwa hivyo nimeenda kuitafuta.

Ukuta wa mashine ya kusaga posho umepakwa rangi ya kijani, lakini ukwaruze kidogo na ukucha, masizi yanatoka. Mwarobaini wa kando yake umemea upande mmoja tu. Ule mwingine haujawahi kusamehe. Na mfereji uko pale pale ukutani, unavuja vile ulikuwa ukivuja.

Mfereji ndio ramani yangu. Nilikuwa na miaka minane, kila asubuhi nachota maji ya chai ya mama. Hatua arobaini mpaka kwa jiko lake. Nilizihesabu kwa sababu mtungi ulikuwa unanikata vidole.

Nikaiita kamati nzima ije ione, nikavuta pumzi, nikatembea hatua arobaini kwa madaha ya mtu aliyefika Juba.

Nikaishia ndani ya kibanda cha kinyozi.

Kucheka! Mteja alikuwa na povu kidevuni, akalipuliza lote kwa kicheko. Baba Mwenda akajishika mbavu: "Kijana, kumbe mama yako alikuwa anachemsha nywele!"

Mama Ekiru, ambaye ameuza nyanya hapo tangu zamani, ndiye aliniokoa. "We Lokwang, hiyo miguu ni ya lori. Tembea na ile ya mtoto."

Nikarudi kwa mfereji. Nikaazima mtungi wa Mama Ekiru, nikaujaza, nikaushika kwa mikono miwili, nikaanza kuvuta vihatua. Mwanaume mzima, ndevu zangu zote, natembea kama bata kati ya nyanya na mitumba. Steji nzima ya pikipiki za boda ikapiga honi. Wapige.

Kwa hatua ya ishirini nikasimama.

Hapa nikuambie kitu sijawahi kuambia mtu. Pale steji mimi husimulia vile nilipigana na ule moto. Uongo mtupu. Siku ile nilikuwa na maji mkononi, nikaona moshi, nikaangusha mtungi hatua ya ishirini, nikatoroka. Mama aliniita. Najua mtungi mmoja haungezima kitu.

Lakini nilimsikia.

Nikaendelea. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Sijui honi zilinyamaza saa ngapi.

Ya arobaini ikaangukia mbele kabisa ya safu, pale Baba Mwenda huegesha mkokoteni wake wa soda. Nikausukuma kando, nikachimba na kisigino, halafu na mikono. Jiwe. La pili. La tatu. Mafiga, meusi ti, yamekaa vile mama aliyapanga. Mbao ziliungua, mabati yakakunjamana, lakini figa utaliunguza na nini? Moto ndio kazi yake.

"Mawe ni mawe," Baba Mwenda akasema, hacheki tena. "Si huu mtaa unaitwa Kula Mawe?"

"Basi, mzee, kula haya."

Nimempigia mama, yuko Ngaremara kwa dada yangu. Ameuliza kama figa la kushoto bado limeinama. Limeinama. Nikamwambia pia habari ya hatua ya ishirini.

"Nilijua," akasema. "Si niliukuta mtungi?"

Kesho kabla chokaa haijafika, yale mafiga yatakuwa na moto na mama atakuwa kwa kiti chake. Maji nitabeba mimi, hatua zote. Chokaa yao ipite pembeni. Kikombe cha kwanza ni cha Baba Mwenda, kusema kweli nampenda yule mzee.

Lakini atakunywa amesimama.