Laptop Niliyoichagua kwa Uzito

Shoga, uko? Nimefanya kitu cha aibu, usimwambie mtu.

Unakumbuka dada aliuza cherehani yake ya pili ili binti yake apate laptop ya chuo? Akanituma mimi nikachague, eti nafanya kazi ofisini, najua kompyuta. Mimi, mpokea wageni.

Dukani muuzaji akaniuliza, "Ya kazi gani?" Nikaona haya kupiga simu kuuliza. Nikasema ya kuandika tu. Nikanyanyua mbili, nikachukua nyepesi. Nyepesi, shoga, kama nanunua mkoba.

Kumbe mtoto anasomea kuchora ramani za majengo.

Leo dada kanipigia, laptop inaganda kila mchoro ukifunguliwa na mtihani ni wiki ijayo. Nikaipitia, nikaipeleka kwa fundi peke yangu. Fundi hata bisibisi hakushika. "Hii ni nzima, mama. Ila ni ya kuandikia barua. Nani kaichagua?"

Nani kaichagua. Nikasema sijui. Nimesema sijui, shoga.

Njia nzima ya kurudi nikawa najipanga kusema ukweli. Nafika, nakuta dada keshamsema mtoto mpaka macho yamemvimba, kwamba kaiharibu kwa kujaza mamuziki. Mtoto kanipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mama mdogo, nisamehe. Ulinichagulia kitu kizuri, nimekiharibu."

Dada yuko nyuma yake, ananitazama anasubiri jibu.

Nikamwambia yameisha, mwanangu, nimekusamehe.