Nimeifuta Sauti Yako, Mama Hadija

Mama Hadija,

Nimefanya kitu kibaya na sina wa kumwomba msamaha isipokuwa wewe. Wewe uko kaburini Gitega, mimi niko Giteranyi kwa mama yangu, nimekaa juu ya gunia la maharage naandika. Sijui barua hii nitaipeleka wapi. Naandika hivyo hivyo.

Tangu uondoke, kibanda chako cha ushonaji pale Nyamugari, Gitega, kimepangishwa kwa mtu anayeuza chaja za simu. Cherehani ameichukua binti yako. Mimi nimerudi huku mkoani Muyinga, maana bila fundi mwanafunzi wa kushona anabaki kufanya nini. Hayo yote ningeyavumilia. Kinachonimaliza ni siku ya arobaini yako.

Watu walipokwisha kula, Hadija alinishika mkono akaniketisha mkekani, akaniomba nimsomee zile kaye nne, madaftari ya kazi yetu ya mwaka mzima. Alisema hajapata usingizi wa maana tangu ufe, anataka kukusikia. Nikafungua, nikasoma kwa sauti, tena kwa majivuno, Mungu anisamehe. Alisikiliza nusu ukurasa. Kisha akasema taratibu tu, "Uyu haiko mama yangu. Uyu ni mtu wa redio."

Nikajaribu ukurasa mwingine, na mwingine. Akainuka akaenda kuosha sahani.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza? Ni yule mwalimu wa Kiingereza kutoka Jamaika, Marva, aliyepanga ng'ambo ya barabara na kukuletea vitambaa vya magauni. Siku moja alikuwa anapimwa, simu ikaita, akaongea na mama yake. Mimi niliyejidai najua Kiingereza cha kambini sikuambulia kitu. Ukaniuliza anasema nini. Alipomaliza akatueleza kwamba hicho ni Patwa, lugha ya kwao. Shuleni walikuwa wakichapwa kwa kuisema, wakiambiwa ni Kiingereza kilichovunjika. Baadaye watu wa kwao wenyewe walikaa, wakaisikiliza, wakaandika maneno yake na utaratibu wake. Wengine wanaiita Patwa, wengine Kijamaika, lakini ina jina, na hakuna tena anayeweza kusema haipo. Akatuonyesha kwamba mtu wa kwao akijitaja husema "mi". Ulicheka mpaka pini zikakudondoka mdomoni. "Ata wao iko wanasema mi!" Kisha ukaokota pini zako, ukaniuliza hii yetu iko na jina gani.

Na mimi nikakujibu kwamba ni Kiswahili kibovu.

Nilikuwa nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, Mama Hadija. Kule mwalimu alitusahihisha mpaka tukaanza kuwaonea haya wazazi wetu. Hukunigombeza. Ulinipa suruali iliyochanika makalioni, ukaniambia nishone kwanza, halafu nikanunue kaye.

Basi tukaanza. Wewe unashona na kusema, simu yako ikirekodi, jioni mimi naandika. Uliieleza "iko" kwa wiki nzima: mvua iko, njaa iko, shemeji iko, Mungu iko, neno moja linabeba dunia yote na halichoki. Ulitaja maneno mliyochukua kwa Wafaransa na yale ya Kirundi yasiyokubali kutoka hata ukiyafukuza. Kuhusu jina ulikuwa mkaidi. Jirani alipopendekeza tukiite Kiswahili cha Buyenzi, kwa vile mtaa huo wa Bujumbura ndio unaojulikana, ulimwambia hujawahi kulala Buyenzi ata siku moja. Ukasema jina litakuja mwisho, tukishaijua vizuri, na ukaniagiza nisiandike chochote kwenye jalada. Bado ni tupu.

Sasa nikuambie nilichofanya. Simu yako ilikuwa inajaa. Kila nilipomaliza kuandika, nilifuta. Nilifuta bila wasiwasi, nikijua yote yako kwenye karatasi. Na kwenye karatasi nilikusahihisha. Uliposema "iko", mimi niliandika yupo, ipo, upo. Neno la Kirundi nililitoa, nikaweka la vitabuni. Nilidhani nakupa heshima. Niliona nakuvalisha nguo ya sikukuu, watu wasikucheke. Wewe hukusoma, macho yako yalishachoka na sindano, ukaniamini. Kila jioni uliniuliza, "Umeweka yote?" Nami nikajibu yote.

Kisha presha ikakulaza siku tatu hospitali na ya nne hukuamka.

Mama, sauti yako haipo. Nimeitafuta ndani ya simu, nimempa kijana fundi simu wa Magarama aitafute, amesema hakuna kitu. Nimejaribu kukurudisha kwa kichwa, mstari kwa mstari. Kinachokuja ni sauti yangu mimi, safi, imenyooka, naichukia. Jana niliazima baiskeli ya kaka nikaenda mpaka mwisho wa njia inayoelekea mpakani, nikakaa hapo nakuita. Siwezi kukumbuka ulivyosema "habari ya asubuhi". Mwaka mzima nimekaa miguuni pako na siwezi. Nitamwambia nini Hadija? Nimemzikia mama yake mara ya pili.

Leo asubuhi nimefungua kaye ya kwanza, ukurasa wa kwanza, nikitaka kuzichoma zote. Nikakuta nilichosahau. Siku ile ya mwanzo, kabla sijajifanya mwalimu, niliandika ulivyosema, neno kwa neno. Kesho yake ndipo nilipopitisha kalamu nyekundu, nikakata, nikaandika "sahihi" juu. Lakini chini ya wekundu bado unasomeka. Mistari michache tu. Ndiyo yote iliyobaki.

Nimelia mpaka mama ameacha kupeta maharage.

Jumatatu narudi Gitega. Nitakaa na Hadija, na yule jirani uliyegombana naye juu ya jina, na yeyote wa Nyamugari aliyekusikia, niwasomee kaye zote nne. Nitawaomba wanikatize kila wanapoona hapa hukusema hivyo, na watakachosema nitakiandika kama kilivyo. Haitakuwa sauti yako, najua, na sitajidanganya. Jina la jalada watatoa wao. Mimi sitagusa kitu, naahidi mbele ya Mungu wako na wangu, ambaye iko.

Lala salama, fundi wangu. Hii hapa mistari yako, nainakili bila kalamu nyekundu. Laiti ningekutii siku ile ile.

"Bon. Mi naitwa Mama Hadija. Niko nashona hapa Nyamugari. Uyu mutoto Mtanzania iko naandika. Sha, uandike vile nasema. Usinitengeneze. Mi siko nguo."